Mzazi wa Alhamisi

Alhamisi ile Salvina alijifungua kwa mara ya thelathini na mbili, akiwa na umri wa miaka sitini na saba na ujane wa miaka kumi na mitatu. Alipiga kelele za uchungu, akaomba maji, akamtukana mwanamume wa kubuni aliyempa mimba, kisha mtoto wa plastiki akavutwa kutoka chini ya kanga yake na wanafunzi wa uuguzi wakapiga makofi.

"Msipige makofi," akasema Mwalimu Leodegar. "Mama bado hajamaliza."

Kweli hakuwa amemaliza. Chini ya shuka Salvina alibana kwa paja mfuko wa nailoni uliojazwa maji ya bitiruti, na wekundu ukaanza kutambaa juu ya mpira uliotandikwa kitandani. Akayageuza macho, akaachia mkono uning'inie. Zoezi lenyewe lilianzia hapo: mzazi anavuja damu, na wanafunzi wanne wamwokoe kwa pamoja. Mmoja akande tumbo, mmoja aweke dripu, mmoja achome sindano, na wa nne amwite Sista wa zamu huku akiandika saa.

Wa kuita siku hiyo alikuwa Yuditha wa mwaka wa tatu, binti wa jirani yake Salvina kule Mwika. Yuditha akaiendea meza alipoketi mwenzake aliyejifanya Sista, akakunja goti kidogo.

"Shikamoo Sista. Samahani Sista. Naomba kusema, Sista."

"Marahaba. Sema."

"Ni kuhusu huyu mama, Sista, kama utakuwa na nafasi..."

Salvina akafumbua jicho moja. "Mwanangu, mimi nakata roho, ninyi mnaamkiana. Mkimaliza salamu mje mnizike."

Darasa likaangua kicheko. Mwalimu Leodegar hakucheka. Alikuwa ameinamia saa yake ya mkononi.

"Sekunde kumi na tisa," akasema. "Sekunde kumi na tisa za heshima, na damu haijui heshima. Ukiona hatari humwamkii mtu. Unasema: Simama, mama anavuja, njoo sasa. Kwa mwenzako, kwa Sista, hata kwa daktari. Na ukiagizwa dawa unairudia kwa sauti, ili wote mjue umesikia nini."

"Hata kwa Sista Gladys, mwalimu?" akauliza mmoja kutoka nyuma.

Wenzake wakamgeukia. Sista Gladys ndiye aliyekuwa mkuu wa wodi ya wazazi. Ndiye aliyeandika kwenye kitabu cha tabia za wanafunzi, na ambaye hakuandikwa vizuri humo hakufanya mtihani wa mwisho. Tena funguo za kabati zilikuwa kwake. Humo kabatini alilala mdoli wa kufundishia walioletewa na wafadhili, mdoli wa kupumua na kukohoa, amefunikwa shuka safi asije akachafuliwa na wanafunzi. Huko wodini wazazi walilala wawili wawili kitanda kimoja, lakini mdoli alilala peke yake. Ndiyo maana Mwalimu Leodegar akamtafuta bibi kijijini wa kuzaa kila Alhamisi kwa kikombe cha chai, mkate na mche wa sabuni.

"Hata kwake," mwalimu akajibu.

Ila kabla ya kujibu aliutazama mlango. Salvina, kutoka pale kitandani, alimwona.

*

Nyumbani mkwewe Loveness, mke wa mwanawe Sirili, alikuwa akimenya ndizi mlangoni, tumbo limemjaa mapajani.

"Leo umezaa nini, mama?"

"Dume tena. Halii, halinyonyi, halitaki nepi. Zaa kama mimi, mwanangu, uwe na amani."

"Zamu yangu ikifika utawaambiaje huko?"

"Nitawaambia huyu ndiye wa kweli. Bitiruti waziache nyumbani."

Loveness alicheka mpaka akakishika kiuno. Zilikuwa zimebaki siku chache.

*

Ikafika Jumanne asubuhi. Mwaka ule kahawa ilikuwa haina bei kabisa, watu wameng'oa mibuni na kupanda nyanya, na gari la kukodi lilikuwa jambo la kufikiria mara mbili. Sirili akaona wangoje pikapu la ndizi linaloshuka kila siku saa mbili. Siku hiyo lilichelewa. Walikaa kando ya barabara saa nzima, Loveness ameketi juu ya kikapu chake, akiumwa na kutulia, akiumwa na kutulia, na katikati ya maumivu akiwatania wapakiaji kwamba wampime naye kwenye mizani.

Hospitalini aliingia kwa miguu yake. Salvina alimsindikiza mpaka mlango wa wodi, akafungiwa nje, akaketi kwenye benchi na chupa yake ya mtori, supu ya ndizi ya kumlisha mzazi. Saa nne na nusu akasikia mtoto analia. Akapiga ishara ya msalaba. Sirili akafuta macho kwa mkono wa shati.

Baadaye kidogo Sista Gladys akapita, kikombe mkononi.

"Wa kike. Ngojeni, mama anasafishwa."

Wakangoja. Saa tano ikapita. Kisha mlango ukafunguliwa kwa kishindo na mwanafunzi mmoja akatoka mbio. Akarudi na daktari nyuma yake. Kisha ndoo. Kisha mwanafunzi mwingine akatoka amebeba mashuka mekundu, akawaona wale wawili kwenye benchi, akageuza uso ukutani akapita hivyo hivyo, kama kaa.

Saa sita Sista Gladys akatoka tena. Hakuwa na kikombe.

"Mmemleta amechelewa," akasema. "Damu ilikuwa imeshamwagika huko nyumbani. Ninyi watu mnakaa na wagonjwa mpaka waishe, halafu mnatuletea sisi tuwe wachawi."

Sirili akainuka kwenye benchi.

"Aliingia anatembea, Sista," akasema Salvina. "Ulimwona."

"Bibi, wewe ni muuguzi?"

"Hapana."

"Basi. Kuzaa plastiki si uuguzi."

Akampa Sirili karatasi ya kuchukulia maiti. Ilikuwa imeandikwa kwa mwandiko mzuri, wa kulala, kwamba marehemu alifikishwa hospitali akiwa amechelewa na amepoteza damu nyingi.

Salvina alirudi nyumbani na mtoto mkono mmoja na chupa ya mtori mkono mwingine. Mtori ulikuwa bado wa moto.

*

Walimzika Loveness kihambani, nyuma ya nyumba, kati ya migomba. Baba yake, Mzee Hosea, alikuja na ndugu zake kutoka Sanya Juu, akaisoma ile karatasi mara mbili, akaikunja, akaitia mfukoni. Hakupiga kelele. Afadhali angepiga.

"Mkwe wangu," akamwambia Sirili mbele ya watu, "mlikaa muda gani barabarani?"

"Saa moja, baba."

"Mkingoja gari la mtu mwenye shughuli zake."

"Ndiyo, baba."

"Binti yangu anamwaga damu."

Sirili angesema Loveness hakuwa na damu njiani. Lakini karatasi ilisema alikuwa nayo, na karatasi ilikuwa na muhuri. Tangu Jumanne alikuwa akiitazama ile saa moja usingizini na akiwa macho mpaka ameanza kuiona damu yenyewe, imemwagika pale barabarani, kwenye kikapu, kwenye majani ya ndizi. Akainamisha kichwa.

"Jumapili ya wiki ijayo uje kwangu na isale," akasema Hosea. "Ukiri mbele ya ndugu zangu. Ukija nalo nitakusamehe, maana jani hilo halikataliwi. Usipokuja, nitakuja mimi kumchukua mjukuu wangu."

Kwa Wachagga anayebeba isale kuomba msamaha haambulii patupu. Lakini naye hana pa kurudi: akishalikabidhi lile jani, kosa ni lake, litaitwa kwa jina lake mpaka kwa wajukuu. Kesho yake Salvina akamkuta mwanawe uani, ameshalikata jani na kulitia kwenye kopo la maji lisinyauke.

"Unakwenda kukiri nini?" akamuuliza.

"Nilichelewa, mama."

"Ulichelewa. Hukuua."

"Wewe ulikuwa nje kama mimi. Unajuaje?"



*

Jumamosi Yuditha alikuja kusaidia kukata majani ya ng'ombe. Alikata mzigo mzima bila kuinua kichwa. Alipopewa mtoto ampakate, akamtazama, akamrudisha mikononi mwa Salvina.

"Sema," Salvina akamwambia. "Hapa hakuna Sista."

"Nilikuwa zamu, bibi."

"Najua. Nilikuona umepita na mashuka, uso umeuficha."

"Hakuja na damu. Alikuja mzima. Amejifungua vizuri, ndipo ikaanza. Kitambaa cha kwanza kikalowa, cha pili kikalowa. Nikaenda kwa Sista, alikuwa anakunywa chai. Nikasema, Shikamoo Sista. Samahani Sista. Mama wa kitanda cha tatu damu inazidi."

"Akasemaje?"

"Akasema, mwanafunzi unanifundisha kazi? Damu ya uzazi huijui. Kasimame pale, nimalize chai."

"Ukafanyaje?"

Yuditha akayatazama majani ya ng'ombe.

"Nikasimama pale."

Salvina akaendelea kumpapasa mtoto mgongoni. Mkono haukubadili mwendo.

"Mlikuwa wangapi?"

"Watatu. Mimi, Justina na Flavia. Wote tuliona. Kila mmoja alingoja mwenzake ndiye aseme."

"Mara thelathini na mbili mmenikanda tumbo mpaka nyama zimeniuma. Mara thelathini na mbili nimefufuka. Loveness wangu mmoja tu, mkasimama."

"Kile kitabu, bibi. Baba ameuza ng'ombe wawili nifike mwaka wa tatu. Sista akikuandika umekwisha."

Salvina angempiga. Mkono uliutaka ule uso. Lakini alikumbuka mwalimu mzima akiutazama mlango kabla ya kujibu swali, akaona kumpiga huyu mtoto ni kumpiga punda kwa sababu mwenyewe hayupo.

"Nenda kamwambie Mzee Hosea hayo," akasema Sirili, ambaye alikuwa amesimama kwenye kona ya banda, panga mkononi, na hakuna aliyemsikia akija.

"Nitakana, kaka. Nakuambia ukweli. Nikiitwa ofisini nitakana." Yuditha alikuwa analia. "Sijui kusema mbele yake. Sauti haitoki."

"Zoezini inatoka," akasema Salvina.

"Zoezini ni kuigiza."

Salvina akamhamishia mtoto bega la pili. Akauliza kama maneno ya njiani ni kweli, kwamba Ijumaa wanakuja wafadhili.

"Kweli. Wanakuja kuona zoezi. Sista Gladys mwenyewe ataongoza, apigwe picha. Mwalimu alitaka kutafuta mzazi mwingine kwa sababu ya msiba. Sista akasema, leteni bibi yule yule, anachekesha wageni. Si ameshazika?"

"Amesema hivyo?"

"Ndiyo, bibi."

"Basi nitakuja. Na wewe sikutumi kusema lolote mbele ya mtu. Utaigiza. Maneno yale yale ya Jumanne, usiongeze chumvi, usipunguze. Halafu usimame pale pale uliposimama. Waambie na wenzako. Asiyetaka asije."

Kwa Hosea akapeleka ujumbe wake mwenyewe kwa kijana wa kuuza mahindi: kabla hujapokea jani la mwanangu, njoo Ijumaa uone ninavyozaa. Hosea alipoupokea alimsikitikia, akadhani msiba umemvuruga akili. Akaja kwa huruma.

*

Ijumaa chumba cha mazoezi kilikuwa na mapazia mapya. Mdoli alikuwa ametolewa kabatini, amelazwa mezani pembeni, karatasi ya bei ingali imening'inia kwenye kidole cha mguu. Wageni walikuwa wanne, na mkalimani wao. Mganga mfawidhi wa hospitali alikaa nao mbele. Nyuma kabisa, kwenye benchi la wananchi, alikaa Mzee Hosea mwanzo wa benchi na Sirili mwisho wake, na katikati yao pengo la watu watatu.

Kitanda kilikuwa kimoja tu. Salvina akapanda. Safari hii mifuko ya bitiruti aliifunga mwenyewe nyumbani, na ilikuwa minne.

Akazaa vizuri. Wageni walicheka alipomtukana mume wake wa kubuni. Sista Gladys, amevaa gauni lililopigwa pasi likasimama lenyewe, aliketi kwenye meza ya zamu mbele ya kikombe cha chai alichowekewa kama wageni. Damu ikaanza. Justina akaweka mikono juu ya tumbo. Flavia akashika chupa ya dripu.

Yuditha akaiendea meza. Akakunja goti.

"Shikamoo Sista. Samahani Sista. Mama wa kitanda cha tatu damu inazidi."

Mkalimani akatafsiri. Mgeni mmoja akatazama kitanda kile kimoja, akatazama kushoto na kulia kutafuta vile vingine viwili.

Sista Gladys alikuwa ameinua kikombe. Hakukishusha wala hakunywa.

"Unafanya nini?" akamuuliza Yuditha kwa sauti ya chini.

Yuditha akalinyoosha goti. Alirudi nyuma hatua tatu, akasimama karibu na ukuta, mikono nyuma. Justina akaitoa mikono yake juu ya tumbo la Salvina. Flavia akaishusha chupa.

"Endeleeni na kazi," akasema Sista Gladys, sasa kwa sauti ya wageni. "Kanda tumbo. Haya, kanda."

Wale wasichana walikuwa wamesimama. Mfuko wa pili ukapasuka, maji mekundu yakatoka kwenye mpira yakaanza kudondoka sakafuni, to, to, to.

"Wameona kamera wakasahau," Sista Gladys akawaambia wageni, akatabasamu. Aligeuka kwa Mwalimu Leodegar amsaidie.

Mwalimu Leodegar alikuwa ameinamia saa yake. Angeweza kusimamisha zoezi kwa neno moja, na kazi yake ilitegemea neno hilo. Jasho lilikuwa limemkusanyikia juu ya mdomo.

"Dakika moja," akasema.

Mganga mfawidhi akakohoa. Mfuko wa tatu. Wekundu ukafika kwenye kiatu cha mgeni wa mbele, naye akavuta mguu.

"Dakika tatu."

Salvina akaacha kuguna. Kifua kikashuka, na kama kilipanda tena, hakuna aliyekiona.

"Dakika tano," akasema mwalimu, na sauti haikuwa ya darasani tena. "Mama amefariki. Sasa tunazungumza, kama kawaida yetu baada ya zoezi. Hakuna anayeadhibiwa kwa anachokisema hapa. Anaanza mgonjwa. Mama Salvina, umeona nini?"

"Maiti haioni," akasema Salvina, macho amefumba. "Waulize walio hai."

Mwalimu akawageukia wasichana. Yuditha alikuwa ameshaivua kofia yake ya uuguzi, ameikunja mara mbili, ameishika kama kitu cha kurudisha.

"Niliona," akasema. Ilitoka nyembamba, lakini ilitoka. "Nilisema mara moja. Nikaambiwa nisubiri chai iishe, nikasubiri."

"Chai ipi?" akauliza mgeni kupitia kwa mkalimani.

"Ya Jumanne ile, saa tano kasorobo."

"Niliona," akasema Justina. "Sikusema."

"Niliona, sikusema," akasema Flavia. "Aliniuliza kwa nini anasikia baridi. Nikamfunika kanga yake. Alikuwa ameingia kwa miguu yake, na kanga ilikuwa kavu. Haikuwa na tone."

Mganga mfawidhi akainuka, akawanyooshea wageni mkono kuelekea mlangoni. "Chai iko tayari," akasema, na neno lilipomtoka akatamani alirudishe. Hakuna mgeni aliyeinuka.

Nyuma kabisa Mzee Hosea alikuwa amesimama. Alitoa ile karatasi mfukoni, akaifungua, akaisoma tena kana kwamba maneno yangekuwa yamebadilika.

"Daktari, naitwa Hosea, natoka Sanya Juu. Kitanda cha tatu kilikuwa cha binti yangu. Naomba faili lake."

"Mzee wangu, pole sana. Mafaili ni siri ya hospitali."

"Siri ya hospitali." Hosea akaikunja karatasi. "Hii mliyotupa niende nayo kumhukumu mtoto wa watu, hii haikuwa siri. Basi nitakaa hapa mpaka lipatikane."

Akakaa. Si pale alipokuwa. Alisogea kwenye benchi, akasogea tena, mpaka bega lake likamgusa Sirili, ambaye alikuwa ameinama, uso ndani ya viganja, mabega yakimtikisika.

"Jumapili usije," Hosea akamwambia. "Nitakuja mimi, na isale."

Sista Gladys aliliacha kundi la wageni akaenda kitandani. Gauni lake lilikuwa limeingia wekundu kwenye pindo. Akainama karibu na sikio la Salvina.

"Bibi, amka. Umeshaniaibisha, inatosha. Zoezi limekwisha."

Salvina hakutikisika. Maji ya bitiruti yalikuwa yamemfika mpaka kwenye nywele nyeupe.

"Andika kwanza, Sista," akasema, midomo haikuachana sana. "Andika ilivyokuwa. Nikisikia kalamu nitaamka."